Hanywi Mpaka Aonjewe

Juzi mjukuu wangu Nasra alikuja kukaa barazani kwangu na kitabu chake cha Kiingereza, anataka nimsaidie kazi ya shule. Yuko kidato cha tatu, na anajua kwamba bibi yake alimeza vumbi la chaki miaka na miaka akifundisha lugha hiyo hiyo. Zoezi lilikuwa la kugeuza maneno makavu yawe maneno ya adabu. Sentensi ya kwanza ilisema "Nipe maji." Chini yake wameacha mstari mtupu, mwanafunzi aandike namna nzuri zaidi ya kusema jambo hilo. Nasra akaniangalia, kalamu mdomoni. Nikamwambia aandike "Nipe maji."

"Bibi, si ndiyo ile ile?"

Nikamwambia ndiyo ile ile, haina ubaya wowote, mwenye kiu aseme ana kiu. Akacheka, akadhani namtania. Mie sikuwa natania. Roho ilinichafuka pale pale, nikainuka nikaenda uani kama mtu anayekwenda kutazama chungu, na wala sikuwa na chungu motoni. Nilisimama pale natazama mafiga matupu, mwanamke mzima, kwa ajili ya zoezi la mtoto. Nyie wa rika langu mliosomeshwa enzi za Mwingereza labda mtanielewa. Wengine watasema bibi kazeeka vibaya, na waseme.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Temeke, Temeke ya mikorosho na mchanga, nyumba za udongo na makuti, kabla serikali haijaanza kupima viwanja na kupanga nyumba kwa mistari. Nyumbani tulikuwa wanne: Bibi mzaa mama, Mama, mie, na mdogo wangu Sefu. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko bara, tukimwona kwa nadra. Mama alipika vitumbua vya kuuza, na mpaka leo nikisikia harufu ya iliki kwenye mafuta ya nazi ya moto namwona Sefu kachuchumaa pale jikoni, kitumbua chake kiko mbele yake kwenye kipande cha jani la mgomba, kinapoa, naye anakitazama tu.

Alikuwa anakitazama kwa sababu hakijaonjewa. Bibi alikuwa mtu wa Kimbiji, kule pwani ya kusini, na alikuja na mambo yake ya Kimbiji akayatia nyumbani mwetu kama sheria. Kwake, mtu akikupa cha kula au cha kunywa, sharti akionje yeye kwanza mbele ya macho yako. Kidogo tu, ncha ya ulimi inatosha, kisha ndiyo akukabidhi. Maji anapiga funda moja. Dawa vilevile. Anayetoa bila kuonja, Bibi alisema, ama hakulelewa ama ana lake jambo. Sie watoto tulifundishwa kwamba mtu akisahau kuonja, tusimwaibishe kwa kumkumbusha. Tusiseme neno, tusitie kitu mdomoni, tungoje mpaka akumbuke mwenyewe.

Mie sheria hiyo nilikuwa naivunja kila nilipopata kichochoro. Njaa ikinibana nilikula kwanza, adabu baadaye. Sefu hakuwa hivyo. Alikuwa na kama miaka minne, tumbo mbele, shanga moja nyeusi kiunoni, na fundisho la Bibi alilishika kuliko sisi sote. Jirani mmoja aliwahi kumpa kipande cha muwa, Sefu akasimama nacho mlangoni kwa yule mama, kakishika kwa mikono miwili, macho kayakaza, mpaka mama wa watu akagundua, akacheka, akaung'ata muwa ncha. Ndipo Sefu akaondoka nao anatafuna. Mtaa mzima walimsifu. Huyu mtoto, walisema, huyu kalelewa.

Mie nilikuwa nasoma shule ya wasichana, darasa ambalo ndiyo kwanza limeingia kwenye Kiingereza cha nguvu. Mwalimu wetu aliitwa Perpetua, mtu wa Songea, Mkatoliki wa msalaba shingoni, gauni lake limepigwa pasi mpaka unaogopa kumsogelea. Alitupenda, hilo siwezi kulikana. Aliamini kwamba Kiingereza kizuri kitatutoa kwenye mchanga wa Temeke, na aliamini kwamba Kiingereza kizuri ni Kiingereza cha adabu. Alichora ngazi ubaoni. Kipandio cha chini kabisa kilikuwa "nipe". Kinachofuata "tafadhali nipe". Kisha "naweza kupata", kisha "ningeweza kupata", na unazidi kupanda hivyo hivyo mpaka juu kabisa, ambapo palikaa maneno marefu tuliyokuwa tunayaimba kama kasida, wudi yu bi so kaindi, yaani ungekuwa na wema kiasi cha kunifanyia jambo fulani. Mtu akiwa mkubwa zaidi, alisema Mwalimu, unapanda zaidi.

Siku moja nikanyosha mkono nikamuuliza, na wao Wazungu wakituomba sisi kitu, husimama kipandio cha ngapi? Mwalimu Perpetua alinitazama, uso haukuwa na hasira, ulikuwa wa mtu aliyekwazwa, akaniambia nikae chini. Nikakaa. Jibu sikulipata siku ile.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa ni mchezo wa kiti. Mwanafunzi mmoja anakaa kwenye kiti cha Mwalimu, yeye ndiye memsahib, bibi mkubwa wa Kizungu. Mwingine anatoka nje, anabisha mlango, anaingia, mikono nyuma, anaomba kitu: dirisha lifunguliwe, apewe kalamu, aruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu mama yake anaumwa. Akikosea neno moja, wa kitini anatazama ukutani kama hakuna mtu. Akipatia yote, wa kitini hana hiari. Sharti atabasamu, aseme kwa Kiingereza "bila shaka", na ampe alichoomba. Ndiyo ilikuwa kanuni ya mchezo. Na maneno ya kuunga mawazo tulifundishwa kwa kushikana mikono. Huyu anasema jambo lake, wa pili anamshika mkono kwa "ingawa", wa tatu kwa "hata hivyo", wa nne kwa "kwa hiyo", mnyororo unazunguka darasa zima na atakayesema jambo lake bila kuliunga na la mwenzake mnyororo unakatika, anatoka nje. Mie sikuwahi kutoka nje. Nilikuwa hodari, jamani, hodari kweli, na kiti kile kilishanipa kila nilichokiomba.

Sasa mtoto ambaye nyumbani kwao adabu inamfunga mpaka mtoaji, na shuleni adabu inamfunga mpaka memsahib, ataamini nini? Niliamini kwamba adabu ni mkataba. Ukitimiza upande wako, mwenzio hana pa kukwepea.

Sefu akashikwa na tumbo la kuharisha. Lilianza kama mchezo, kisha likawa halina mwisho, na homa juu yake. Mama alimpa maji ya dafu kwa kijiko, yeye anapiga funda, Sefu anapiga funda, yeye funda, Sefu funda. Alikuwa dhaifu lakini alikuwa anakunywa. Bibi alimkanda, akamsomea. Macho yalipoanza kuingia ndani Mama akasema tumpeleke hospitali kubwa mjini, na Bibi hakubisha. Tulitoka Ijumaa jua halijapanda, Mama kambeba mgongoni kwa kanga, mie nimebeba birika la maji ya dafu. Hospitali walimpokea vizuri, walimtazama ulimi, walimbana ngozi ya tumbo, wakasema anatakiwa kulazwa. Mama akataka kuingia naye. Wakasema wodi hii mama haingii. Wazazi wanaingia Jumapili saa kumi, siku nyingine hapana, wanaleta uchafu na kelele. Walimchukua Sefu mkononi mwa Mama pale mlangoni. Hakulia. Alituangalia tu kichwa kikiwa juu ya bega la mtu asiyemjua.

Jumamosi asubuhi tulikuwa getini tena. Pale kulikuwa na dresa mmoja, Bwana Andrea, mtu wa bara, wa makamo, anayefunga vidonda na kusaidia wodini, na ndiye pekee aliyekuwa anazungumza na watu wa nje kama watu. Mama alimwamkia, akamuuliza hali ya mwanawe. Bwana Andrea akatazama nyuma kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto hajambo kidogo kwa homa, lakini hanywi. Wanampa maji, wanampa maziwa, anakaza mdomo, anatazama kikombe.

Mama akauliza, "Mmemwonjea?"

"Kumwonjea nini?"

Mama akamweleza. Akamweleza vizuri, taratibu, mambo ya Kimbiji yote, kwamba mtoto hanywi mpaka aonjewe, kwamba hana kiburi, amelelewa hivyo, kwamba mtu yeyote apige funda moja mbele yake, moja tu, atakunywa mpaka birika liishe. Bwana Andrea alielewa. Nilimwona usoni kwamba ameelewa. Lakini akatikisa kichwa. Akasema akionekana amenywa kwenye kikombe cha mgonjwa wa kuharisha, kazi hana, na ana watoto. Tena sheria ya vikombe ni ya sista mwenyewe. Ruhusa yoyote inatoka kwa sista, yule Mzungu mkuu wa wodi, naye hataki watu wapige kelele za Kiswahili mlangoni kwake.

Basi Mama akageuka, akanitazama mie. Sitamsahau alivyonitazama. Alinivua ushungi akanifunga upya, akanifuta vumbi miguuni kwa pindo la kanga yake, akaniambia, "Wewe si unajua Kizungu? Nenda kamwambie. Mwambie nimpe maji tu, kisha nitoke."

Wala sikuogopa. Ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba sikuogopa hata chembe. Nilikwenda na furaha. Bwana Andrea alinipitisha, akanionyesha mlango, nikabisha, nikasikia sauti, nikaingia, mikono nyuma. Chumba kilinuka dawa ya kusafishia sakafu, ile kali inayokwenda mpaka kwenye koo. Sista alikuwa kakaa nyuma ya meza, saa imebandikwa kifuani, kichwa chini anaandika. Nikapanda ngazi mpaka juu kabisa. Nilisema, ungekuwa na wema kiasi cha kumruhusu mama yangu amwone mdogo wangu, kwa kuwa mdogo wangu hanywi maji, na ingawa si siku ya wazazi, hata hivyo tungeshukuru sana. Sikukosea neno. Mwalimu Perpetua angelia kwa furaha.

Sista aliinua kichwa, kalamu ikasimama. Akaniuliza nimesema nini. Nikasema tena. Uso ukamfunguka wote, akainuka, akaenda mlangoni akamwita mwenzake. Akaja Mzungu mwingine, mwanamke, na nyuma yake daktari mrefu ameshika kikombe cha chai. Sista akawaambia msikilizeni huyu, msikilizeni, kisha akanigeukia akaniambia nirudie.

Nikarudia.

Walicheka, lakini si kicheko kibaya, na hicho ndicho kibaya zaidi. Walifurahi kweli. Daktari akauliza nani amenifundisha. Nikajibu. Akauliza najua na kuomba dirisha lifunguliwe? Nikaomba dirisha lifunguliwe. Akauliza je, kalamu? Nikaomba kalamu. Yule mwanamke mwingine akanishika kidevu. Kila nilichosema walitazamana wao kwa wao wakatikisa vichwa kwa raha, na mie nikazidi kupanda, nikazidi kuunga, "ingawa" juu ya "hata hivyo", nikijua kwamba kila neno linalotoka sawasawa linamsogeza Mama karibu na Sefu. Nje ya dirisha nilimwona Mama getini, kalikumbatia birika.

Sista akafungua kopo akanipa biskuti. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasimama nayo. Nilimngoja aionje. Aliniambia kula, nami nikamtazama tu, kwa heshima zote, kama nilivyofundishwa na kama Sefu alivyokuwa anawatazama chumba cha pili toka jana. Wakaniona nina haya. Wakacheka tena.

Hapo nikatambua kwamba biskuti ile ndiyo njia. Kwamba nikimwonyesha, ataelewa. Lakini neno la kumwonjea mtu nilikuwa silijui kwa Kiingereza, halikuwapo kwenye ngazi, hakuna aliyewahi kukaa kitini akaombwa hilo. Nikaiweka biskuti mezani, nikanyosha kidole kwenye kikombe cha daktari, nikamwambia sista kwa maneno niliyokuwa nayo, wewe kunywa kwanza, halafu yeye anakunywa. Wewe kwanza.

Tabasamu likamfutika. Hakukasirika, alivunjika moyo tu, kama aliyeona doa kwenye kitambaa. Akainua kidole akaniambia hapana, hapana, hivyo siyo vizuri, sema kama ulivyosema mwanzo.

Haki ya Mungu, hiyo ndiyo siwezi kuisamehe. Neno moja la maana nililosema siku ile, neno lililobeba roho ya mtoto, ndilo pekee walilolikataa, kwa sababu halikupandishwa ngazi. Alinifanya nilifute. Na mie, mtoto hodari, nikalifuta, nikarudi juu kule kule kwa wudi yu bi so kaindi, nao wakapiga makofi.

Kisha sista akanijibu. Alinijibu kwa Kiingereza kirefu, laini, kizuri kuliko chote nilichowahi kukisikia, na nilisikia "ingawa" ndani yake, nikasikia "hata hivyo", nikasikia "kwa hiyo", kila moja mahali pake, mnyororo haujakatika hata mara moja. Maneno ya kuunga niliyashika yote. Yaliyoungwa yalinipita. Alimaliza kwa tabasamu, akanifungulia mlango, akanipa tena ile biskuti. Nikashukuru, nikatoka.

Mama alinikimbilia. "Kasemaje?"

"Kasema kwa adabu sana."

"Ndiyo au siyo?"

Nikafikiri. Nilitafuta kwenye yale maneno yote, nikayageuza, nikayapanga upya. Kwetu mtu akikataa unajua amekataa. Hata asiposema hapana, atasema amesikia, atazungumzia mvua, na unajua. Hapa sikujua. "Sijui, Mama," nikasema. "Lakini alitabasamu. Nadhani watafungua."

Tukangoja wafungue. Tulingoja pale getini jua linatupiga, Mama hakutaka hata kukaa kivulini asije akaitwa akakosekana. Kila mlango ulipolia alisogea. Mchana Bwana Andrea alitoka, akatukuta, akashangaa. Akasema sista alishasema, mbona hamkuambiwa? Amesema angependa sana kusaidia lakini sheria za wodi hazimruhusu, mtoto yuko kwenye mikono mizuri, kwa hiyo mama arudi nyumbani apumzike, atakaribishwa sana Jumapili. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Amekunywa?" Bwana Andrea akatazama viatu vyake. Mama akambembeleza. Alimwita baba, alimwita kaka, alimpigia goti pale kwenye kokoto watu wakipita, amwonjee mwanawe funda moja tu, ajifiche, hakuna atakayemwona. Bwana Andrea akamwinua, akasema atajaribu. Jioni askari wa getini akatuondoa.

Nyumbani Bibi alikuwa amekaa kizingitini anatungoja. Tulimweleza yote. Akaanza kujipiga mapaja kwa viganja, polepole, akisema ni mimi, ni mimi niliyemfundisha, na Mama akamkataza, akamwambia mama, usiniongezee.

Jumapili hatukungoja saa kumi. Tulifika mapema, na Bwana Andrea tulimkuta keshatoka nje ya geti, kofia mkononi. Mama akaiona ile kofia. Aliliachia birika pale pale, maji ya dafu yakanyonywa na mchanga, akaingia getini mwenyewe, na askari alinyosha mkono kumzuia kisha akaushusha.

Walishamfunga Sefu kwenye shuka. Sista alikuwapo, na sitasema uongo, macho yake yalikuwa mekundu. Pembeni ya kitanda, juu ya kijimeza, kulikuwa na kikombe cha bati kimejaa maji mpaka ukingoni. Nilikitazama kile kikombe nikajua kwamba Bwana Andrea hakujaribu. Au alijaribu akaogopa. Sikumuuliza siku ile, na baadaye sikupata nafasi.

Mama alimfunua Sefu uso. Midomo ilikuwa imepasuka. Aliipitishia kidole, akaifunika tena. Hakulia kwa sauti. Alimchukua, akamweka begani, akamgeukia sista, akasema kwa Kiswahili, polepole, kila mtu wodini akasikia:

"Mwambieni kwamba mwanangu hakufa kwa homa. Amekufa kwa kiu, na mimi nilikuwa nje ya mlango wake na maji mkononi."

Sista akamtazama Bwana Andrea, akamuuliza mama anasema nini. Bwana Andrea alishika kofia yake kwa mikono miwili. Alikuwa na Kiingereza kizuri, kizuri kuliko changu, sijui na yeye alifundishwa kwenye kiti gani. Akasema mama anashukuru sana, madamu, kwa taabu yote mliyoipata kwa ajili ya mtoto wake.

Sista akainamisha kichwa. "Si kitu," akasema. "Si taabu hata kidogo."

Nililielewa kila neno. Safari hii maneno hayakunipita, hakukuwa na kuunga, hakukuwa na ngazi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilitoka kwa Kiingereza, kikavu, kifupi, bila tafadhali mbele wala nyuma. Nikamwambia sista, hakusema hivyo. Nikasema tena kwa nguvu zaidi, mama yangu hakusema asante.

Bwana Andrea akanifinya bega. Sista akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, akaniuliza kwa upole, upole ule ule wa jana, msichana yule mwenye adabu nzuri amekwenda wapi, adabu yangu iko wapi leo?

Mama akaniuliza huyu anasema nini tena.

"Anauliza adabu yangu iko wapi."

Mama akamweka Sefu vizuri begani, akamvutia shuka ikamfunika mguu uliochomoza.

"Mwambie hii hapa," akasema. "Nimeibeba."